Kulazwa, Kufungwa au Kukaa? Istilahi za Makazi ya Watu Wazima Wenye Maradhi Mazito ya Akili

Miongoni mwa maandishi yaliyofikishwa kwetu ili tafsiri yake isanifiwe, yamo ya kurasa chache tu yaliyokusudiwa kusomwa katika mikutano ya vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Maandishi hayo yanaeleza utaratibu ambao kwao mtu mzima mwenye maradhi mazito ya akili huishi katika nyumba ya kawaida pamoja na wenzake wachache, akisaidiwa kukumbuka dawa zake, kupika, kufanya kazi na kupatana na majirani. Kabla ya kufika kwetu yalikuwa yamekwisha tafsiriwa mara moja na kusomwa hadharani. Mfasiri wa kwanza aliandika kwamba wahusika "watawekwa katika makao ya vichaa chini ya uangalizi". Tuliarifiwa kwamba mzee mmoja mwenye mtoto mgonjwa aliinuka akataka kujua kama mwanawe anakwenda kulazwa, kufungwa au kukaa. Aliyekuwa akisoma hakuwa na jibu, nayo karatasi haikumsaidia. Mzee akarudi kwake bila ya kuandikisha jina la mwanawe.

Swali la mzee huyo ni swali la afya na ni swali la sheria, lakini kwanza ni swali la lugha. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lenyewe ni lipi, kupima maneno ambayo yamekwisha kutumika, na kupendekeza istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuzitumia bila ya kuwadanganya wasikilizaji wao.

Jambo lenyewe

Istilahi haiwezi kuwa sahihi ikiwa dhana yake haijaeleweka. Yapo maradhi ya akili ambayo humpata mtu kwa muda, yakatibiwa, yakaisha. Yapo na mengine, kama vile skizofrenia, ambayo kwa watu wengi hudumu miaka, yakitulia na kurudi. Mtu mwenye maradhi ya namna hii huweza kukaa miezi mingi akiwa mtulivu, akalima, akauza na kucheka na wenziwe. Kisha usingizi ukampotea, akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akawashuku hata waliomzaa. Mtu huyo hahitaji kitanda cha hospitali mwaka mzima. Wala haitoshi aachwe peke yake na chupa ya vidonge. Anahitaji mahali pa kuishi ambapo msaada upo karibu, na msaada huo uweze kuongezwa anapozidiwa na kupunguzwa anapopata nafuu.

Katika Afrika ya Mashariki historia ya mahali pa namna hiyo ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya wamisionari wa Kijerumani, na tangu zamani kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya maisha ya hapo. Mjini Nairobi nyumba ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927. Na karibu yake ipo Isanga, kwa ajili ya wale waliofikishwa mbele ya sheria wakiwa na maradhi hayo.

Baada ya Uhuru ulizuka mtazamo mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliokwisha kutulia. Hombolo, mkoani Dodoma, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo, na Vikuruti kilianzishwa nje ya jiji la Dar es Salaam. Humo watu waliishi katika nyumba za kijijini, wakalima na kufuga, nao wauguzi walikuwa wachache. Wazo hilo halikuwa la kwetu peke yetu. Huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyozunguka hospitali, kila mmoja akifuatana na jamaa yake. Na katika mji wa Geel, nchini Ubelgiji, familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao kwa karne nyingi.

Tukiyatazama haya yote pamoja tunaona mitindo mitatu, nayo inalingana na vitenzi vitatu vya yule mzee. Hospitalini mtu hulazwa: ni mgonjwa, naye atatoka akipata nafuu. Gerezani, au kwenye chumba chenye komeo la nje, mtu hufungwa. Katika nyumba au kijiji mtu hukaa: ana mlango wake, ana majirani, na ana neno katika mambo yake. Mfasiri aliyeandika "watawekwa" aliivunja mipaka hiyo mitatu kwa kitenzi kimoja. Kitu ndicho kinachowekwa. Mtu mzima akiwekwa mahali, huwa yupo mwingine aliyeamua.

Kwa nini Tarime na Serengeti

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumeyachukua maeneo hayo mawili kuwa mfano. Sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka Sirari au Mugumu hadi Mirembe ni mamia ya kilomita, na hata Bugando, mjini Mwanza, si karibu kwa mtu anayepaswa kusafirishwa huku akiogopa kila anayemgusa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matunzo hufanyika nyumbani, na hufanywa na watu wasiokuwa na mafunzo wala mapumziko. Baadhi ya familia, hapo kama ilivyo penginepo nchini na duniani, hufikia hatua ya kumfunga mgonjwa kamba au mnyororo, si kwa kumchukia bali kwa kuhofu kwamba usiku atapotea porini au atadhuriwa na watu. Mbele ya wasikilizaji wenye habari hiyo, neno "kufungwa" si tamathali ya usemi.

Sababu ya pili ni ya lugha. Maandishi haya husomwa kwa sauti, na wengi wanaoyasikiliza wana Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au lugha nyingine ya hapo kuwa lugha ya kwanza. Kanuni inayofuatwa katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kanuni hiyo ina manufaa makubwa hapa. Wakurya huliita boma la familia umugi, na neno hilo ni ndugu wa damu wa neno letu mji. Kiswahili cha mkoa huo kimeihifadhi maana hiyo: mtu husema "mji wa mzee fulani" akikusudia nyumba zake, watu wake na zizi lake. Tulijiuliza basi kama mahali tunapopazungumzia paitwe "mji". Tukaliacha neno hilo, kwa kuwa kwa msomaji wa Mtwara au wa Unguja mji ni Dar es Salaam au Tanga. Hata hivyo limetufundisha jambo. Msikilizaji wa Tarime hawezi kumwazia mtu mzima asiye na mji. Istilahi yetu, iwayo yote, ni lazima ionyeshe kwamba mtu huyu ana kwake.

Kumtaja mtu

Tuanze na jina la mtu, maana jina la mahali hufuata nyuma yake. Neno kichaa limezoeleka mno, lakini tazama linakaa na nani: tunasema mbwa kichaa, na ugonjwa unaoenezwa na mbwa huyo tunauita kichaa cha mbwa. Wazimu lina mzizi mmoja na mzimu, kwa hiyo limekwisha kueleza chanzo cha maradhi kabla ya mganga wa aina yoyote kuulizwa. Punguani limetokana na kupungua. Maneno haya yana nafasi yake katika hadithi na katika mazungumzo. Katika hati ya serikali hayana.

Ipo pia hatari ya kuchanganya. Ulemavu wa akili, ambao humfanya mtu achelewe kujifunza na aghalabu huonekana tangu utotoni, si sawa na maradhi ya akili, ambayo huweza kumpata mtu aliyekwisha kusoma, kuoa na kufanya kazi. Karani akiandika jambo moja kwa jina la jingine, mhusika atapelekwa asikostahili kwenda.

Tunapendekeza mtu mwenye maradhi ya akili katika maandishi ya jumla. Mgonjwa tuliache kwa mtu aliye katika matibabu wakati huo. Mtu aliyekaa miaka miwili akiwa ametulia ana maradhi, kama mwenye kisukari alivyo na maradhi, lakini si mgonjwa kila aamkapo.

Wala kubadili jina peke yake hakutoshi. Mirembe ni jina la hospitali, nalo halina tusi ndani yake. Hata hivyo kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe kumekuwa ni kumtukana, kama ilivyo kwa Mathari nchini Kenya na Butabika nchini Uganda. Dharau haikutoka katika jina. Ilitoka katika fikra za watu ikalipata jina, na itaiandama kila istilahi mpya ikiwa walimu na watumishi hawataieleza dhana pamoja na neno.

Kutaja mahali

Wafasiri wamependekeza majina kadhaa. La kwanza ni makao ya kulelea. Tunalikataa kwa sababu mbili. Kulea ni kwa mtoto, nasi tunazungumza juu ya watu wazima, baadhi yao wakiwa baba na mama wa watoto. Tena, makao katika matumizi ya sasa yameelekea upande wa taasisi: makao makuu, makao ya watoto yatima, makao ya wazee. Mwenye makao hayo ni mwingine. Aliyemo amepokewa tu.

La pili ni makazi saidizi. Jina hili linavutia kwa ufupi wake, lakini kisarufi linasema jambo jingine. Kitenzi kisaidizi ni kile kinachokisaidia kitenzi kikuu. Makazi saidizi basi yatakuwa ni makazi ya ziada, ya pembeni, yanayosaidia makazi makuu yaliyo mahali pengine. Hayo siyo tunayoyakusudia. Kinachosaidiwa hapa ni mtu, si nyumba.

La tatu ni makazi ya msaada. Hili liko karibu na lengo, ila neno msaada limezoeleka kwa kitu kinachotolewa mara moja na mwenye nacho kumpa asiye nacho, kama chakula cha msaada wakati wa njaa. Usaidizi ni tendo lenyewe, lenye kuendelea na lenye kipimo. Huongezeka na kupungua. Kwa hiyo tunapendekeza makazi ya usaidizi. Mkazi na makazi hutokana na kitenzi kile kile cha mzee, kukaa, na kitenzi hicho kinaeleweka Sirari kama kinavyoeleweka Lamu.

Hapo ndipo jina la mwenye kuishi humo linapojileta lenyewe: mkazi. Si mlelewa, si mgonjwa, si mhifadhiwa. Na yule anayefanya kazi humo tunamwita msaidizi wa mkazi, maana mwangalizi hutazama tu, na mlinzi humzuia mtu asitoke au asiingie.

Kutaja kazi na mamlaka

Kurudi kwa mtu katika maisha ya kawaida kumeitwa na baadhi ya waandishi ukarabati. Neno hilo tumelizoea kwa majengo, mashua na mitambo. Utengamao linafaa zaidi, kwa kuwa linatokana na kutengamaa: hali iliyokuwa ikienda mrama imetulia na kushika nafasi yake. Tena nyumba hukarabatiwa na fundi, lakini mtu hutengamaa mwenyewe.

Kazi nayo yahitaji hadhari. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba jembe humwondoa mtu katika ugeni na kumwingiza katika watu wa nyumbani. Ndiyo hekima iliyokuwa nyuma ya mashamba ya Hombolo. Lakini jembe hilo hilo, mkazi asipopata sehemu ya mavuno wala nafasi ya kukataa, ni utumwa mdogo. Tunapendekeza kutofautisha tiba kwa kazi, ambayo hupangwa kwa faida ya mkazi na kupimwa kwa hali yake, na kutumikishwa, ambako ni kwa faida ya mwingine. Hati isiyosema ni ipi kati ya hizo mbili haijakamilika, na mfasiri ana haki ya kumrudishia mwandishi wake.

Kisha yapo maneno mawili ambayo huandikwa kana kwamba ni mamoja: idhini na ridhaa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mkuu wa idara, mahakama, mzazi wa mtoto mdogo. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe kuhusu jambo lake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatofautisha anayeingia hospitali kwa hiari na anayepelekwa bila ya hiari. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kwamba watu hao wawe na nafasi ya kuchagua waishi wapi na waishi na nani. Kwa hiyo fomu ya kuingia katika makazi ya usaidizi iandike "ridhaa ya mkazi". Ikiandika "idhini ya familia" peke yake, karatasi imekwisha kumwondoa mhusika katika shauri lake.

Fomu hizo pia huuliza jamaa. Tumeona zinazouliza "jina la baba" au "jina la mume" kana kwamba kila nyumba ina mwanamume juu yake. Katika maeneo ya Wakurya ipo ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke, aghalabu asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isizimike. Mtoto wa nyumba hiyo akiugua, atakayefika kuzungumza na daktari huenda akawa mama huyo mwenye nyumba, naye karani akaambiwa na fomu kwamba huyo si mtu. Tunapendekeza jamaa wa karibu, na maelezo yake yawe: mtu ambaye mkazi mwenyewe amemtaja kuwa wa kuarifiwa.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Maradhi mazito ya akili: maradhi yanayodumu au kurudiarudia na kuathiri sana fikra, hisia na uwezo wa mtu wa kuendesha maisha yake ya kila siku.
2. Makazi ya usaidizi: nyumba ambamo watu wazima wenye maradhi hayo wanaishi kwa ridhaa yao, wakisaidiwa kwa kiasi wanachohitaji.
3. Mkazi: mtu anayeishi katika makazi ya usaidizi.
4. Msaidizi wa mkazi: mfanyakazi anayemsaidia mkazi katika shughuli za kila siku bila ya kuzichukua mikononi mwake.
5. Nyumba ya mpito: mahali pa kukaa kwa muda kati ya kutoka hospitali na kurudi nyumbani.
6. Kijiji cha utengamao: kijiji ambamo wakazi wanaishi na kufanya kazi za kilimo au za mikono katika kutengamaa kwao.
7. Tiba kwa kazi: kazi iliyopangwa kwa faida ya afya ya anayeifanya.
8. Kurudiwa: kuzidiwa upya na maradhi baada ya kipindi cha utulivu.
9. Ridhaa: kukubali kwa mtu mwenyewe baada ya kuelezwa na kuelewa.
10. Jamaa wa karibu: mtu aliyetajwa na mkazi kuwa wa kuarifiwa na kushauriwa.

Kwa wale wanaosoma hadharani tunaongeza shauri moja. Nomino mpya huingia sikioni polepole; kitenzi huingia mara moja. Kabla ya kusema "utengamao" sema "atatengamaa"; kabla ya kusema "makazi ya usaidizi" sema "atakaa humo, naye atasaidiwa". Neno la kitaalamu litafuata, likiwa limekwisha kufunguliwa njia.

Mwisho

Sentensi iliyotuletea kazi hii sasa inasomeka hivi: "Watu wazima wenye maradhi mazito ya akili wataishi kwa ridhaa yao katika makazi ya usaidizi." Hata mzee aliyeondoka mkutanoni anaweza kuipata humo jawabu yake: mwanawe anakwenda kukaa.

Lakini istilahi ni ahadi, na mfasiri si mwenye kuitimiza. Ikiwa nyumba yenyewe ina komeo la nje, ikiwa mkazi haruhusiwi kwenda gulioni wala kutembelewa na nduguze, basi humo mtu hafiki kukaa bali hufungwa, na kuipa jina la makazi ya usaidizi ni kumsaidia mtu kuwaficha wananchi ukweli. Katika hali hiyo wajibu wa mfasiri ni kuuliza kwanza, kisha kuandika kitenzi kinachostahili. Lugha ya Taifa ina vyote vitatu, na kila kimoja kina mahali pake.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii walioko Tarime, Serengeti na kwingineko, watuletee maneno wanayoyasikia vijijini kwa ajili ya dhana hizi, pamoja na makosa watakayoyaona katika mapendekezo yetu.